Ndoa Iliyokuwa Batili

Kati ya filamu za zamani za Misri, moja hainitoki akilini: Shay' min al-Khawf, yaani Kiasi cha Hofu, ya mwaka 1969. Mwongozaji ni Hussein Kamal, na kisa kinatokana na riwaya ya Tharwat Abaza.

Atris ni jambazi anayetawala kijiji cha Dahashna. Utotoni alikuwa mpole. Ukatili alifunzwa na babu yake. Mahmoud Morsi ameigiza wote wawili, babu na mjukuu, kana kwamba dhuluma hurithiwa pamoja na sura. Atris anapokifungia kijiji maji, mashamba yanakauka na wanaume wananyamaza. Anayekwenda kulifungua lango la mfereji ni mwanamke, Fouada, aliyeigizwa na Shadia. Kwa kuwa Atris anampenda, hamwui, anataka kumwoa. Fouada anakataa, lakini baba yake, kwa hofu, anasema amekubali. Mashahidi wanashuhudia uongo. Ndipo Sheikh Ibrahim anapotangaza kuwa ndoa ile ni batili, na ujasiri huo anaulipa kwa damu ya mwanawe.

Msomaji ataona mara moja kwa nini wakubwa wa Cairo walishtuka. Misri ilikuwa imeshindwa vitani Juni 1967, na wengi walimwona Atris kuwa ni Rais Gamal Abdel Nasser, na Fouada kuwa ni Misri yenyewe. Husimuliwa kwamba Nasser aliitazama filamu hiyo mwenyewe, kisha akaruhusu ionyeshwe.

Nionavyo mimi, tukimtafuta Nasser peke yake tutapitwa na jambo kubwa zaidi. Neno lile batili tunalo nasi katika Kiswahili, na maana yake twaijua: ndoa bila ridhaa ya mwanamke si ndoa, hata ikiwa na mashahidi mia. Utawala nao ni hivyo hivyo. Atris ana bunduki, lakini bunduki haiozeshi. Alihitaji baba aseme uongo na mashahidi waitikie. Watu hao hawakuwa waovu. Walikuwa waoga tu, kama tulivyo wengi wetu.

Mwishoni wanakijiji wanaandamana na mienge, na nyumba ya Atris inateketea. Lakini kwangu mimi moto ule ulikuja nyuma tu. Atris alianza kuanguka siku ile mzee mmoja, asiye na silaha, alipokataa kuita uongo ndoa.