Kompyuta imegoma kuwaka? Usikubali "kupiga Windows" kabla hujasoma hii

Wadau, leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni. Nawaletea historia ya watu wasiotajwa popote, mafundi kompyuta wa Buguruni na Kariakoo, pamoja na yale mafaili machache yanayoiamsha mashine ukibonyeza kitufe.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lililegezwa taratibu, likaisha miaka ya 1990. Kwa hiyo DOS ilipotoka Marekani mwaka 1981, huku kwetu wengi hawakuiona. Tumekuja kudandia gari likiwa limeshaondoka.

Kwenye Windows XP ya mwaka 2001 mambo yalikuwa mepesi. Kulikuwa na NTLDR, na kifaili cha boot.ini chenye mistari michache ya maandishi ya kawaida. Kazi yake ni kusema Windows imekaa diski gani, sehemu ya ngapi. Mstari ukikosewa mashine inagoma, lakini fundi aliweza kuurekebisha hata kwa Notepad.

Mwaka 2007 ikaja Vista, boot.ini ikastaafishwa. Wakaja BOOTMGR na BCD, ambayo Notepad haiwezi kuihariri, mpaka uandike amri. Mwaka 2012 Windows 8 ikaleta Secure Boot, na kwenye mashine za UEFI mafaili ya kuwashia yanakaa kwenye kachumba kake kaliofichwa, mara nyingi ka MB 100 tu.

Hapo ndo balaa la "kupiga Windows" lilipokolea. Unapeleka laptop, imeandika "BOOTMGR is missing". Fundi anakwambia, "Dada, hii Windows imekufa, tupige mpya." Unakubali. Jioni inawaka kama mpya kweli, ila picha za marehemu mama hazipo, na hesabu za kikoba hazipo. Ni sawa na konda kapotea, halafu mkaamua kuchoma daladala!

Ukweli ni kwamba mara nyingi kilichoharibika ni hicho kachumba tu. Picha zako zipo palepale. Fundi anaiwasha kwa flashi ya Windows, anafungua sehemu ya amri, anaandika bcdboot C:\Windows. Amri hiyo inanakili upya mafaili ya kuwashia bila kugusa vitu vyako. Aangalie tu herufi, maana ukiwasha kwa flashi C inaweza kusomeka D. Kama diski yenyewe ndo inakufa, vitu vihamishwe kwanza. Na kama kuna BitLocker, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48.

Jingine: vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026. Mashine haitazimika siku hiyo, ila isiposasishwa itakosa ulinzi mpya wa hatua ya kuwaka. Wale wa kuzima masasisho ili kuokoa bando, mmesikia.

Wapo mafundi pale Kariakoo wanaolijua hili na wameokoa vitu vya watu wengi bila kuandikwa popote. Heshima kwenu, wakubwa. Wewe mteja, kabla hujaiacha mashine muulize: "Fundi, umejaribu kutengeneza boot kwanza?" Akikuzungusha, beba laptop yako.

Nani yalishamkuta? Tiririka hapo chini.