Uso wa Adui Atokaye Nyotani

Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 1963, Waingereza waliokaa mbele ya televisheni zao kutazama tamthilia ya Doctor Who, ambayo wakati huo ilikuwa haijatimiza hata majuma matano, walimwona mwanamke amebanwa ukutani katika mji wa chuma usio na watu, akipiga mayowe, na mbele yake mkono wenye ncha ya mpira mfano wa kikombe ukimjongelea. Papo hapo kipindi kikaisha. Mkono ule, kwa hakika, ulikuwa ni mpira wa kuzibulia sinki, nao watazamaji walilazimika kungoja siku saba kamili kumjua mwenyewe, na alipodhihiri alikuwa Dalek.

Mtunzi wake, Terry Nation, alizaliwa Cardiff mwaka 1930, na utoto wake ukapita chini ya mabomu ya Wajerumani; wala si siri kwamba aliwaumba Wadalek kwa mfano wa Manazi, viumbe walioharibiwa miili na vita vyao wenyewe, wakajifungia ndani ya magamba ya chuma, wakamchukia kila asiyekuwa wao. Raymond Cusick, aliyewachora, aliwanyima miguu na uso kwa makusudi, ili mtazamaji asipate kusema moyoni kwamba humo ndani mna mtu, ilhali mtu alikuwamo, ameketi, akilisukuma gamba kwa nyayo zake. Mwaka uliofuata Wadalek wakaonyeshwa wakipita juu ya daraja la Westminster, katikati ya London, na mzee yeyote aliyewahi kulala katika mahandaki ya mji ule hakuhitaji kufasiriwa alichokuwa akikiona. Hukumu ya Waingereza juu ya adui yao imo katika umbo lile lenyewe: asiye na uso hapatani na mtu.

Wamarekani walishika njia nyingine, na naamini iliyowaelekeza, zaidi ya hekima, ni uchache wa fedha. Tamthilia ya Star Trek ilianza tarehe 8 Septemba 1966, na Gene L. Coon alipowaleta Waklingon, mahasimu wa binadamu, tarehe 23 Machi 1967, wakati Marekani na Urusi zikitishana kwa mabomu ya nyuklia, hapakuwa na gharama ya kuunda magamba. Basi waigizaji wakapakwa rangi ya kahawia, wakabandikwa masharubu, wakafananishwa na Genghis Khan. Hiyo ni dhana kongwe ya Wazungu juu ya mtu wa Mashariki, nami siifichi karaha yangu kwayo. Lakini Mklingon, maadamu alipewa uso, alikuwa na njia ya kurejea; na katika hadithi ile ile mzee mmoja wa sayari ya Organia alitabiri kwamba mahasimu wale wangekuja kuwa marafiki. Ikawa hivyo. Mwaka 1985 Marc Okrand, mtaalamu wa isimu, akachapisha kamusi ya Kiklingon, na mwaka 1987 Worf, Mklingon aliyeigizwa na Michael Dorn, akasimama katika sitaha ya merikebu ya binadamu akiwa ofisa wao, miaka miwili kabla ukuta wa Berlin haujaanguka.

Wavulcan na Waromulan, viumbe wengine wa tamthilia hiyo, nawapita, ila kuna jambo katika usiku ule wa kwanza wa Star Trek mwaka 1966 ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki nalo. Kiumbe mwenye njaa ya chumvi, wa mwisho wa jinsi yake, awezaye kujigeuza sura yoyote inayopendwa na amwindaye, alimwendea Luteni Uhura, ofisa wa merikebu ya binadamu, ambaye jina lake limetoholewa katika neno letu uhuru, kwa sura ya mwanamume mweusi, akamsemesha kwa Kiswahili. Yaani katika lugha zote za ulimwengu, chambo alichokiona kitamlegeza moyo binti yule ni lugha hii yetu.

Hata hivyo, kwa insafu, waliofika mbali kuliko wote ni Wanarn na Wacentauri wa Babylon 5, tamthilia ambayo J. Michael Straczynski aliandika kwa mkono wake sehemu 92 kati ya 110. Kati yao hakuna adui wa binadamu. Kuna mtawala na mtawaliwa. Wacentauri waliitamalaki nchi ya Wanarn, Wanarn wakajikomboa, wakalipiza kisasi, kisha wakavamiwa tena na miji yao ikapondwa kwa vimondo kutoka angani. Katika sehemu moja ya mwaka 1995, mabalozi wao wawili, G'Kar Mnarn na Londo Mcentauri, wananaswa ndani ya lifti baada ya bomu kulipuka, moto ukiwanyemelea. Londo asihi washirikiane watoke. G'Kar akataa: hawezi kumwua, kwa kuwa Wanarn 500 huuawa kwa kila Mcentauri mmoja anayeuawa na Mnarn, lakini hakuna amri imkatazayo kuketi na kumtazama akifa, hata ikiwa naye atakufa papo hapo. Kisha anacheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye kwa miezi mingi hakuwa na la kumfurahisha, na Londo, mgongo ukutani, hana la kumjibu.