Umbali Ulitangulia, Maandalizi Yakafuata: Chimbuko la Triathloni ya Masafa Marefu

Triathloni ni mashindano ambamo mshiriki mmoja huogelea, huendesha baiskeli na hukimbia mfululizo, huku muda ukiendelea kuhesabiwa hata anapobadilisha viatu na mavazi kati ya hatua moja na nyingine. Aina yake ya masafa marefu, iliyopata umaarufu kwa jina la Ironman, ina kilomita 3.8 za kuogelea, kilomita 180 za baiskeli na kilomita 42.2 za mbio, ambazo kwa jumla ni kilomita 226 za siku moja. Anayejiandaa kuishiriki kwa mara ya kwanza huzikuta hesabu hizo zimekwisha kuwekwa, na ni rahisi kudhani kwamba zilipangwa na matabibu au walimu wa michezo waliokusudia kupima ukomo wa mwili wa binadamu. Ukweli ni kwamba umbali huo ulitokana na ramani ya kisiwa kimoja cha Hawaii, na elimu ya kuukabili ilikuja baadaye, kwa sehemu kubwa kutokana na yaliyowapata waliotangulia.

Mchezo wenyewe ulianza kwa masafa mafupi. Tarehe 25 Septemba 1974, klabu ya riadha ya San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, iliandaa mashindano ya kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea katika ghuba ya Mission Bay, na miongoni mwa washiriki 46 walikuwamo afisa wa jeshi la majini John Collins na mkewe Judy. Baadaye wawili hao walihamia kisiwa cha Oahu, na mwaka 1977, katika hafla ya kutoa zawadi za mbio za kupokezana, ukazuka ubishi juu ya nani aliye imara zaidi kati ya waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Collins alipendekeza ubishi huo umalizwe kwa kuunganisha mashindano matatu yaliyokwisha kuwapo kisiwani, yaani uogeleaji wa Waikiki, safari ya baiskeli ya kuzunguka Oahu na marathoni ya Honolulu. Safari ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ilichukua siku mbili, ilipunguzwa kwa takribani kilomita tano ili ianzie walipotokea waogeleaji na kuishia kwenye mnara wa Aloha, mahali ilipoanzia marathoni. Hivyo ndivyo zilivyopatikana kilomita 180 ambazo leo hufuatwa katika mashindano ya namna hiyo duniani kote.

Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 18 Februari 1978, yakiwa na washiriki 15 walioanza na 12 waliomaliza. Hapakuwa na vituo vya maji njiani, na kila mshiriki alilazimika kuja na wasaidizi wake mwenyewe, waliomfuata kwa gari wakiwa na chakula na vinywaji. Udhaifu wa utaratibu huo ulionekana siku hiyohiyo, kwani John Dunbar, mmoja wa waliowania ushindi, aliishiwa maji wakati wa marathoni, na wasaidizi wake, wasio na kingine cha kumpa, wakampa bia. Ushindi ukamwendea Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58, huku Dunbar akimfuata zaidi ya nusu saa baadaye.

Mwaka uliofuata alishinda Tom Warren, mmiliki wa baa kutoka San Diego, naye Lyn Lemaire, bingwa wa baiskeli kutoka Boston, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, akishika nafasi ya tano kati ya washiriki wote. Makala ndefu ya jarida la Sports Illustrated ilizitangaza habari hizo, na mwaka 1980 televisheni ya ABC ikafika kurekodi. Mwaka huo Dave Scott, mwalimu wa kuogelea kutoka mji wa Davis, California, alimaliza kwa saa 9, dakika 24 na sekunde 33, muda uliopungua kwa karibu saa mbili ukilinganishwa na wa Warren. Tangu hapo ilidhihirika kwamba ushupavu peke yake hautoshi, na kwamba anayefanya mazoezi ya michezo yote mitatu kwa mpango humwacha mbali anayetegemea umahiri wa mchezo mmoja.

Mwaka 1981, chini ya uongozi wa Valerie Silk, mashindano yalihamishiwa Kailua-Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambako barabara hupita katikati ya majabali meusi ya lava, na washiriki hupambana na joto kali pamoja na pepo za ubavuni zinazoyumbisha baiskeli. Mahali penyewe pakawa sehemu ya mtihani. Februari 1982, Julie Moss, mwanafunzi aliyeyafanya mashindano hayo kuwa sehemu ya utafiti wake wa chuo, alikuwa akiongoza upande wa wanawake hadi karibu kabisa na mwisho, ndipo miguu ikamwishia nguvu. Alianguka mara kadhaa, akapitwa na Kathleen McCartney, kisha akatambaa hadi mstari wa mwisho na kuwa wa pili kwa tofauti ya sekunde 29. Picha hizo za televisheni zilivuta watu wengi kutaka kushiriki, lakini pia zilionyesha wazi kinachoupata mwili unapokwisha akiba yake ya nishati. Kufikia mwaka 1983 palikuwa na utaratibu wa kufuzu kabla ya kwenda Kona, pamoja na ukomo wa saa 17, kwa maana kwamba aliyeanza saa moja asubuhi alipaswa kumaliza kabla ya saa sita usiku.

Suala la namna ya kufanya mazoezi lilipata mwanga zaidi kupitia kwa Mark Allen, aliyeshindwa mara sita huko Kona kabla ya kumshinda Dave Scott mwaka 1989 kwa tofauti ya sekunde 58. Kwa ushauri wa Phil Maffetone, Allen alitumia kifaa cha kupimia mapigo ya moyo na kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwa kasi ndogo, ili mwili uzoee kutumia mafuta kama nishati badala ya kumaliza haraka sukari iliyohifadhiwa katika misuli. Kanuni ya Maffetone ilikuwa kutoa umri wa mtu katika 180, kisha kuongeza au kupunguza kidogo kulingana na afya yake, hivyo mwenye miaka 40 huanza na ukomo wa mapigo 140 kwa dakika. Wataalamu wengine hupendelea vipimo vya mtu mmojammoja kuliko kanuni ya umri, lakini wazo la kujenga ustahimilivu kwa mazoezi mepesi ya muda mrefu limeenea sana katika ratiba za wanaoanza.

Mshiriki mpya wa leo, kwa hiyo, hufanya uchaguzi ambao wale 15 wa Oahu hawakuwa nao. Anaweza kuanza na nusu ya masafa, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, ambayo tangu mwaka 2006 ina ubingwa wake wa dunia, na ambayo mwaka 2022 ilifika Rubavu, nchini Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo kimo cha takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari humtaka mtu wa pwani auzoeshe mwili wake hewa nyepesi. Anapochagua, huangalia kama maji ni tulivu au yana mawimbi, kama barabara ina milima, na kama hali ya hewa inafanana na ya mahali anapofanyia mazoezi. Na anapojiandaa, hujizoeza kukimbia mara baada ya kushuka kwenye baiskeli, na kula na kunywa akiwa mwendoni. Tahadhari hizi zina mizizi katika historia ya mchezo wenyewe, kwa kuwa kila moja hujibu tatizo ambalo wa mwanzo walikutana nalo njiani bila kulitarajia. Umbali wenyewe haujabadilika tangu 1978. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, sasa anaweza kujua mapema utamdai nini, na akaamua kama yuko tayari.