Chokoleti za Rafiki

Mwaka 1929 Mwingereza Anthony Berkeley alichapisha riwaya ya upelelezi iitwayo The Poisoned Chocolates Case. Boksi la chokoleti linamfikia bwana mmoja klabuni kwake London, kama zawadi ya kiwanda. Yeye hazitaki, anampa mwanachama mwenzake akampelekee mkewe. Mke anakufa. Watu sita wanaopenda kujadili mauaji wanakutana kutafuta muuaji, na kila mmoja anakuja na jibu lake lililonyooka. Mmoja anathibitisha kwa hoja safi kabisa kwamba muuaji ni yeye mwenyewe.

Kikundi hicho hakikutoka hewani. Berkeley alikuwa akiwaalika waandishi wenzake kwa chakula cha jioni, na mwaka 1930 karamu hizo zikazaa Detection Club, G. K. Chesterton akiwa rais wa kwanza. Agatha Christie na Dorothy L. Sayers walikuwamo. Mwanachama mpya aliapa mbele ya fuvu la kichwa lililopewa jina Eric. Watu ambao kazi yao ilikuwa kuwatilia wageni sumu kwenye karatasi, walikula pamoja na kuwa marafiki.

Lakini ndani ya riwaya inatajwa kesi ambayo haichekeshi. Mwaka 1870 huko Brighton, Christiana Edmunds alimpenda daktari mwenye mke. Akamtembelea mke huyo kama rafiki, akamlisha chokoleti. Mama yule aliugua, akapona. Daktari alipomshuku, Edmunds akatafuta wa kusingiziwa: muuza pipi wa mjini. Alinunua chokoleti dukani kwake, akazitia strikinini, kisha akazirudisha zikauzwe tena.

Juni 1871 Sidney Barker, mtoto wa miaka minne, alikula moja akafa. Kwenye uchunguzi wa kifo Edmunds alijitokeza kutoa ushahidi, akasema chokoleti za duka hilo zilimdhuru hata yeye. Ikaamuliwa kuwa ni ajali. Akamwandikia baba wa marehemu barua zisizo na jina, akimhimiza ashtaki. Baadaye vifurushi vyenye sumu vilipofika kwenye nyumba za watu, alidai naye amepokea chake. Alihukumiwa kifo Januari 1872, adhabu ikabadilishwa, akafia Broadmoor mwaka 1907.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sumu ya panga huonekana. Sumu ya chakula huhitaji kwanza uaminifu wa anayelishwa. Ndiyo maana Berkeley anaweza kutuchekesha: mafumbo yake yanauliza nani alituma boksi, na marehemu anasahaulika kabla jibu la pili halijatolewa. Brighton hapakuwa na nafasi hiyo. Aliyemkabidhi Sidney ile chokoleti alikuwa mjomba wake, aliyeinunua dukani akitaka kumfurahisha.