Alama za Ramani na Mwenye Kuzichagua

Mtu akifungua ramani hutazama kwanza majina ya miji, kisha njia na mito. Ni wachache wanaotazama ile pembe ndogo iliyoandikwa "Ufunguo". Walakini humo ndimo ilimo siri ya ramani nzima, maana ufunguo hutuambia ni mambo gani mchoraji aliyaona kuwa yastahili kuonyeshwa. Jambo lisilo na alama katika ufunguo halionekani katika ramani, hata likiwa kubwa namna gani katika nchi. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi wa historia aulize: ni nani aliyezichagua alama hizi?

Mfano mmoja uko karibu nasi. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, walikaa wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt. Wao hawakuyaona maziwa makuu kwa macho yao, bali waliwauliza watu wa pwani waliosafiri na misafara. Wasafiri wa njia mbalimbali walieleza ya kwamba huko bara walifika penye maji mengi. Walisema kweli, kwani wako waliofika Ziwa Tanganyika, wako waliofika Nyasa, na wako waliosikia habari za Nyanza. Lakini wachoraji waliyaunganisha maji yote yakawa bahari moja, na ramani yao ilipochapishwa mwaka 1856 bahari hiyo ilikuwa na umbo la konokono asiye na nyumba. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walifunga safari kwenda kuichungua, na mwaka 1858 wakaona kwamba Tanganyika ni ziwa mbali na Nyanza ni ziwa mbali. Waliozijua njia za nchi walikuwa watu wa misafara; aliyeshika kalamu alikuwa mwingine.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kuchora ramani kulikuwa kazi ya serikali, kwa kuwa kulihitaji fedha, vyombo na wapimaji. Alama zilizochaguliwa zilikuwa zile zilizohitajiwa na watawala: mipaka ya wilaya, reli, boma na kituo cha polisi. Katika Nairobi, askari wa Kinubi walipewa mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao. Msitu ulikatwa, nyumba zikajengwa, watu wakaongezeka wakawa maelfu kwa maelfu. Hata hivyo, karne ya 21 ilipoanza, ramani rasmi ziliendelea kupaonyesha Kibera kuwa ni msitu. Penye visima, shule na zahanati palipakwa rangi ya miti.

Wakati huohuo chombo kipya kilikuwa kimekuja. Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS, ambao ulikamilika mwaka 1995. Mtu akiwa na chombo kidogo mkononi hupokea ishara za setilaiti kadhaa, na chombo hupiga hesabu ya mahali aliposimama. Mwanzoni jeshi la Marekani lilitia kosa kwa makusudi katika ishara za raia, hata chombo kikaweza kupotea kiasi cha mita 100. Kosa hilo liliondolewa mwezi wa Mei mwaka 2000. Jambo hili si dogo, kwani katika vichochoro vilivyobanana mita 100 zaweza kukihamisha kisima kutoka kijiji hiki hadi kijiji kingine.

Basi mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera walichukua vyombo hivyo, wakatembea vichochoroni kwa miguu, wakaandika kila walichokiona. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Habari walizokusanya waliziweka katika OpenStreetMap, ramani ya ulimwengu iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu aweza kuisahihisha. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni angaliweka alama ya barabara kuu akaridhika. Mwenyeji alijua ya kwamba bomba la maji na choo cha kulipia ni mambo makubwa kuliko barabara.

Hata ndani ya chombo cha mkononi uchaguzi huo wawezekana. Ramani yake imefanywa kwa vitu vya namna tatu: nukta, kama kisima, mstari, kama njia, na eneo, kama ziwa. Kila kitu kina namba ya aina yake. Picha, rangi na unene wa mstari huweza kuandikwa katika faili mbali, ambalo kwa vyombo vya Garmin huitwa faili la TYP. Faili hilo husema pia ni eneo gani lichorwe juu ya jingine. Hivyo mtu aweza kuibadili alama pasipo kukihamisha kitu chenyewe. Apendaye miguu yake aweza kuikoleza njia ya waendao kwa miguu na kuififiza barabara ya magari. Lakini kioo ni kidogo, na jua la mchana hufifiza rangi. Mwenye kutaka kuonyesha yote hataonyesha lolote. Tena yako mambo yasiyopaswa kutiwa alama, kama nyumba ya mtu anayejificha na adui.

Uhuru huu, basi, una wajibu wake. Makosa ya zamani hayakutokana na kalamu mbovu, bali na kutowauliza wenyeji, au kuwauliza kisha kuyaunganisha maneno yao ovyo. Mwanafunzi akitaka kuichora ramani ya kijiji chake, na aanze na ufunguo. Amwulize mamaye achotaye maji, na mchungaji wa mbuzi, na mzee asiyeweza kupanda kilima: ni kitu gani wasingependa kikosekane? Majibu yao ndiyo alama za kwanza.