Mamogramu, ultrasaundi au MRI: kila kipimo cha titi kina kazi gani?

Uwe mkimbizi au mwenyeji, mwanamke au mwanamume, ukigusa uvimbe kwenye titi, chuchu ikizama au kutoa damu, au ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, nenda kituo cha afya hata kama husikii maumivu. Mhudumu atakupima kwa mikono, kisha anaweza kukupa rufaa ya kupigwa picha.

Mamogramu

Ni eksirei ya titi. Titi hubanwa kwa muda mfupi na huenda likauma kidogo. Huonyesha chembechembe za kalsiamu na uvimbe mdogo usioweza kuguswa. Lakini kwa wanawake wengi walio chini ya miaka 40, nyama ya titi huonekana nyeupe kama uvimbe wenyewe, hivyo saratani inaweza kujificha. Siku hiyo usipake poda wala manukato ya kwapani.

Ultrasaundi

Hutumia mawimbi ya sauti, kama ile ya wajawazito, na haina mionzi. Hutofautisha uvimbe wa maji, ambao kwa kawaida si saratani, na uvimbe mgumu. Inawafaa wenye umri mdogo, wajawazito na wanaonyonyesha. Haioni vizuri chembechembe za kalsiamu.

MRI

Hutumia sumaku. Huona mengi zaidi, lakini ni ghali na hupatikana hospitali kubwa. Hutumika hasa kwa wenye hatari kubwa ya kurithi saratani ya titi, au kujua saratani iliyothibitishwa imeenea kiasi gani ndani ya titi. Kama una chuma mwilini, kikiwemo kipande cha risasi au bomu, sema kabla ya kuingia.

Picha peke yake haitoshi

Kinachothibitisha saratani ni biopsi: kinyama kidogo hutolewa, mara nyingi kwa sindano, na kupimwa maabara. Kwa hiyo, ikiwa uvimbe unaguswa lakini mamogramu haikuonyesha tatizo, usiishie hapo. Uliza kuhusu ultrasaundi na biopsi. Na kama mamogramu iko mbali, uliza kama unaweza kuanza na ultrasaundi iliyo karibu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu ulipofika kituoni mara ya kwanza. Andika tarehe hiyo. Siku zikipita bila majibu, rudi ukaulize.

Tunza picha, majibu na barua za rufaa. Ukihamia kwingine, nenda nazo ili usianze upya.