Shati Aliloliona Baba

Sehemu ya kwanza

Jumanne usiku, tarehe 5 Oktoba 1993. Uwanja wa Comiskey Park jijini Chicago umejaa hadi pomoni.

White Sox, timu ya besiboli ya jiji hilo, wanaanza kuwania ubingwa wa ligi yao dhidi ya Toronto Blue Jays. Na aliyealikwa kurusha mpira wa heshima wa kufungua mchezo wala si mtu wa besiboli.

Ni Michael Jordan.

Usiniambie humjui. Kile kichwa cha fahali mwekundu kwenye fulana za mitumba ulidhani ni nembo ya bucha?

Jordan anarusha. Watu wanashangilia. Anapanda kuketi na wakubwa, ametulia, utadhani hana neno.

Kumbe analo. Tena zito, na wanaolijua wanahesabika.

Sasa nikuulize: jambo la Michael Jordan, ndani ya Chicago, linafichika kwa saa ngapi? Kabla mchezo haujaisha minong'ono imeshauzunguka uwanja mzima. Waandishi wanakimbilia simu. Watu wameacha kutazama besiboli, shingo zimegeukia kule alikoketi.

Naye ananyanyuka, anaondoka.

Kesho yake asubuhi... Hapana. Kesho yake nitakupeleka, nakuahidi, lakini tukienda sasa hivi hutaelewa kitu. Twende kwanza Juni.

* * *

Tarehe 20 Juni 1993, Phoenix, Arizona. Fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mchezo wa sita. Zimebaki sekunde 3.9, John Paxson, mwenzake Jordan kwenye timu ya Bulls, anaachia mpira kutoka nje ya mstari wa pointi tatu.

Nyavu! Chicago Bulls 99, Phoenix Suns 98.

Ubingwa wa tatu mfululizo. Jordan amefunga wastani wa pointi 41 kila mchezo wa fainali hizo, na hakuna aliyewahi kufika huko kabla yake.

Na kila alipokuwa, baba yake, Mzee James Jordan, alikuwepo. Umewahi kuiona ile picha ya 1991, Jordan kakumbatia kombe huku analia? Yule mzee aliyeketi ubavuni mwake ndiye huyo.

Mzee James alianza kazi General Electric akiendesha fokolifti, akapanda hadi usimamizi. Na ule ulimi Jordan anaoutoa nje akiruka kufunga? Kaurithi. Mzee naye alikuwa akiutoa kila alipoinamia kutengeneza kitu nyumbani.

Ila nikunong'oneze jambo. Mapenzi ya kwanza ya Mzee James hayakuwa mpira wa kikapu. Yalikuwa besiboli.

Mwenyewe aliicheza. Na Michael alipokuwa na miaka 12, kwenye besiboli ya vijana wa North Carolina, alitajwa mchezaji bora. Mzee hakulisahau hilo kamwe. Hata mwanawe alipokuwa mfalme wa kikapu duniani, baba bado alikuwa akimchokonoa: besiboli unaiweza, wewe.

Weka hilo mfukoni. Utalihitaji.

* * *

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai, Mzee James alikuwa barabarani. Alitoka mazikoni Wilmington, anaelekea Charlotte, peke yake ndani ya Lexus nyekundu aliyopewa na mwanawe.

Namba ya gari: UNC0023. Herufi za chuo kikuu alichosoma Michael, na namba ya shati lake.

Usingizi ukamlemea. Akafanya hasa ambacho wewe ungemsihi baba yako afanye: akaegesha kando ya barabara kuu, karibu na mji wa Lumberton, apumzishe macho.

Hakuamka.

Sitakuchorea yaliyotokea pale. Alipigwa risasi, gari likaibwa, yatosha.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata, kwa sababu hakikuwa chochote. Kimya. Mzee alikuwa mtu wa safari, na siku kadhaa bila simu yake hazikumtia mtu hofu. Tarehe 31 Julai, siku ambayo angetimiza miaka 57, ikaja ikapita.

Tarehe 3 Agosti mwili ukapatikana kwenye kinamasi huko McColl, South Carolina. Hakuna aliyejua ni wa nani. Siku mbili baadaye gari nalo likaonekana karibu na Fayetteville, limenyofolewa vipuri.

Ilipofika tarehe 13, baada ya rekodi za meno kulinganishwa, ndipo familia ikapata jibu.

Wahusika walikamatwa? Walikamatwa. Walichezea simu ya ndani ya gari, polisi wakazifuata namba zilizopigwa moja baada ya nyingine. Vijana wawili, kila mmoja na miaka 18. Baadaye mahakama ikawafunga maisha.

Hapo ungedhani mfiwa ataachwa aomboleze.

Wapi!

Mwaka mmoja nyuma Jordan alikuwa amekiri mahakamani kwamba hundi yake ya dola 57,000 ililipa deni la kamari. Na Mei 1993, katikati ya mechi za mtoano na New York Knicks, alionekana kasino huko Atlantic City. Basi kuna walioketi wakajumlisha wenyewe: vipi kama baba kalipia madeni ya mwana?

Polisi hawakukuta kamba yoyote inayofunga mambo hayo mawili. Haikusaidia. Swali lilichapishwa magazetini, likasomwa na mtu aliyetoka kumzika baba yake.

* * *

Haya, sasa tunaweza kwenda.

Jumatano, tarehe 6 Oktoba 1993. Ukumbi wa mazoezi wa Bulls, Berto Center, mjini Deerfield nje kidogo ya Chicago. Kamera zimepangana kuanzia ukutani hadi ukutani.

Kocha Phil Jackson alikuwa ameshazungumza naye faragha. Hakumpigia magoti. Alimkumbusha tu kwamba kipaji kile kina mamilioni ya watu wanaokifurahia, na akiondoka anakwenda nacho. Jordan alisikiliza vizuri sana.

Halafu akaja kuketi mbele ya vipaza sauti, mkewe karibu yake, kamishna wa NBA David Stern yupo, mmiliki wa timu Jerry Reinsdorf yupo.

Akatundika daluga.

Miaka 30! Bingwa mara tatu mfululizo, mfungaji bora wa ligi misimu saba mfululizo, dhahabu mbili za Olimpiki nyumbani. Watu wa umri huo ndiyo kwanza wanaomba mkataba mnono.

Sababu? Hamu imekwisha, alisema, hana la kumthibitishia mtu tena. Akaongeza kuwa wazo hilo alikuwa nalo kabla hata ya msiba. Wengi waliandika hayo wakafunga madaftari.

Wangesubiri kidogo. Kwa sababu alisema jambo jingine, na mimi hilo ndilo lililonikamata: kwamba katika kumkosa baba yake kuna faraja moja, nayo ni kuwa Mzee aliuona mchezo wake wa mwisho.

Lipitie tena polepole. Mchezo wa mwisho ni ule wa Phoenix. Siku Jordan atakapocheza mwingine, wa Phoenix hautakuwa wa mwisho tena. Na huo mpya, baba hatakuwa ameuona.

Ukiniuliza mimi, mtu yule alikuwa anafunga mlango akiwa ndani na baba yake.

Ila kufuli hakuweka. Palepale alidokeza kuwa hamu ikimrudia, na Bulls wakimtaka, nani ajuaye?

* * *

Sasa toa lile nililokwambia uweke mfukoni.

Tarehe 7 Februari 1994, Michael Jordan anasaini mkataba. Wa besiboli!

Timu ni White Sox, ambayo mmiliki wake ni Reinsdorf huyohuyo wa Bulls. Lakini hawamwingizi kikosi cha kwanza. Wanampeleka Alabama, kwenye timu ya Birmingham Barons, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Mshahara: dola 850 kwa mwezi.

Tajiri mwenye viatu vyenye jina lake dunia nzima, anapanda basi na vijana wanaotafuta maisha, wanazunguka miji ya kusini mwa Marekani. Anaamka alfajiri kufundishwa jinsi ya kushika gongo.

Walimcheka? Mno. Machi 1994 jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada likimwambia aachane na huo mchezo, anauaibisha. Jordan akalinunia jarida hilo, akagoma kuzungumza nalo.

Mwanzo akawaziba midomo: Aprili aligusa mpira vizuri katika michezo 13 mfululizo. Kisha warushaji wakagundua siri yake. Mpira unaokuja umenyooka anaupiga, mpira unaopinda hewani unamfanya apige upepo. Wakaanza kumpa wa kupinda, wa kupinda, wa kupinda.

Msimu ule alitolewa kwa kukosa mpira mara 114. Kwa lugha nyepesi, kati ya mara kumi alizosimama na gongo, alifanikiwa mbili. Viwanja vilijaa hivyohivyo. Mashabiki zaidi ya 460,000 walikwenda kuwatazama Barons.

Na kuupiga mpira mpaka uvuke uzio, lile pigo ambalo kila mchezaji wa besiboli analiota? Aprili, hakuna. Mei, hakuna. Juni, hakuna.

Nikuache hapo uende ukanywe chai?

Basi, nakuonea huruma. Tarehe 30 Julai 1994, nyumbani Birmingham. Mpira unakuja, Jordan anazungusha gongo, unapaa. Unapaa kweli, mpaka nje! Anazunguka vituo vyote vinne, anafika nyumbani, ananyoosha kidole juu mbinguni.

Unaijua kesho yake ilikuwa siku gani? Sikuambii. Rudi juu kaitafute.

* * *

Yangeweza kuishia hapo, na yangekuwa mazuri. Lakini Agosti wachezaji wa ligi kuu ya besiboli waliingia kwenye mgomo, na fainali za mwaka ule zikafutwa. Msimu mpya ulipokaribia, wenye timu wakataka kujaza nafasi kwa wachezaji wa kuokoteza.

Jordan akakataa kuwa mvunja mgomo. Machi 1995 akafungasha.

Akaenda wapi? Ehee.

Ghafla gari lake likawa linaonekana Deerfield, pale Berto Center. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waandishi wakapiga kambi nje ya geti. Ndani, milango imefungwa, kinachosikika ni mpira unaodunda.

Tarehe 18 Machi, mashine za faksi za vyombo vya habari zikaanza kulia. Taarifa kutoka kwa wakala wake, fupi kuliko salamu ya jirani. Nimerudi.

Lakini tulia, usishangilie bado. Kuna shida.

Novemba iliyopita Bulls walikuwa wamemsimamishia sanamu nje ya uwanja mpya wa United Center, na shati namba 23 likapandishwa darini. Likastaafishwa rasmi. Bulls wangeweza kulishusha dakika yoyote, wala si hilo lililokuwa gumu.

Aliyekataa ni Jordan. Shati la 23 ndilo alilovaa mara ya mwisho Mzee James alipomtazama akicheza, na yeye hakutaka kulivaa bila Mzee kuwepo.

Akavaa 45. Alikuwa nayo Birmingham, na ina undugu na ile nyingine: kaka yake Larry alivaa 45 walipokuwa shule, na Michael alipotaka angalau nusu ya uwezo wa kaka, akaigawa kwa mbili akaongeza kidogo. Ndipo 23 ikazaliwa.

Tarehe 19 Machi, Indianapolis, 45 akaingia uwanjani. Alirusha mara 28, zikaingia 7, Bulls wakalala. Tarehe 28 Machi akaenda New York akawamwagia Knicks pointi 55. Yupi kati ya hao wawili ndiye Jordan wa kweli? Chicago nzima ilikuwa inajiuliza hivyo timu ilipoingia mtoano, ikaitoa Charlotte, ikapangiwa Orlando Magic.

Orlando ya Shaquille O'Neal. Orlando ya Penny Hardaway. Na, kama kwamba hayo hayatoshi, Orlando ya Horace Grant, aliyebeba makombe matatu pamoja na Jordan na sasa amevaa jezi ya wapinzani.

Mei 7, 1995, mchezo wa kwanza, nyumbani kwa Orlando. Bulls 91, Magic 90. Zimebaki sekunde 18, na mpira uko mikononi mwa mtu ambaye kila Mmarekani angempa mpira huo.

Jordan anaupandisha taratibu, anauchezesha, anawaangalia walio mbele yake. Anachotakiwa ni kuuma muda tu.

Asichokiona ni kwamba Nick Anderson wa Orlando hayuko mbele yake. Yuko nyuma, anakuja mbio, macho yametua kwenye ile 45 mgongoni. Ana mengi ya kusema kuhusu namba hiyo mchezo ukiisha, na akishayasema Jordan hatakuwa na pa kujificha. Ila kwanza ana kazi.

Ananyoosha mkono...

Itaendelea wikendi ijayo.